Ukurasa wa mwongozo wa amri za kompyuta: ni nini, na unaandikwaje?

Chukulia chama cha msingi cha ushirika ambacho karani wake kijana ameandika programu ndogo ya kujumlisha kilo za kahawa za kila mkulima. Programu haina picha za kubofya. Unaandika mizani, kisha jina la faili, unabonyeza Enter, na jumla inatoka. Msimu unaofuata karani amepata kazi mjini. Aliyebaki anakumbuka tu kwamba kuna herufi fulani ya kuongeza baada ya amri. Akikosea herufi, daftari la msimu mzima linafutika, na wakulima hawana pa kudai.

Kinachokosekana hapo ni ukurasa wa mwongozo. Katika makala hii tunaeleza ulikotoka, unavyosomwa na unavyoandikwa.

Ulianzia wapi?

Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix una tarehe 3 Novemba 1971. Uliandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, jimbo la New Jersey, Marekani. Kila amri ilipewa ukurasa wake wenye vichwa vilevile: jina, namna ya kuandika amri, maelezo, faili zinazohusika na kasoro zinazojulikana. Palikuwa hata na kichwa cha kutaja mwenye programu, ili mtu ajue wa kumuuliza. Mpangilio huo, pamoja na mabadiliko madogo, ndio unaotumika hadi leo.

Unasomwaje?

Unaandika man, unaacha nafasi, kisha jina la amri. Mfano: man ls. Kitufe cha nafasi kinakupeleka mbele, alama ya mkwaju / inatafuta neno, na herufi q inakutoa.

Mwenye simu ya Android anaweza kufanya hivi ndani ya programu iitwayo Termux, akiongeza kifurushi cha mandoc. Bando linahitajika siku ya kupakua tu. Baada ya hapo kurasa zimo ndani ya simu, na utazisoma hata mahali pasipo mtandao.

Kurasa zimegawanywa kwa namba. 1 ni amri za watumiaji wa kawaida, 5 ni miundo ya faili, 8 ni kazi za msimamizi wa mfumo. Ndiyo maana utakuta passwd(1), amri ya kubadili nywila, na passwd(5), maelezo ya faili yenye jina hilohilo.

Vichwa vinavyotarajiwa

NAME ni jina na maelezo ya mstari mmoja. SYNOPSIS ni namna ya kuandika amri. Kilichomo katika mabano ya mraba si lazima, na nukta tatu zina maana kwamba unaweza kurudia. Kwa hiyo "mizani [-f] faili ..." inasema: -f ni hiari, faili ni lazima, na zaweza kuwa nyingi.

DESCRIPTION hueleza kazi ya amri. OPTIONS huorodhesha kila chaguo. EXAMPLES hutoa mifano, na BUGS hutaja kasoro.

Unaandikwaje?

Ukurasa ni faili la maandishi ya kawaida. Mstari unaoanza na nukta ni agizo kwa kompyuta, na mingine ni maneno ya msomaji. Ukurasa wa karani wetu ungeanza hivi:

.TH MIZANI 1 2025-03-10
.SH NAME
mizani \- jumlisha kilo za kila mkulima
.SH SYNOPSIS
.B mizani
[\-f]
.I faili ...
.SH OPTIONS
.TP
.B \-f
Futa daftari la zamani bila kuuliza.
Likishafutwa halirudi.

.TH ni utambulisho wa ukurasa: jina, namba ya sehemu na tarehe. .SH ni kichwa. .TP hutenga chaguo na maelezo yake. .B ni herufi nzito, kwa maneno yanayoandikwa kama yalivyo. .I ni herufi za mlazo, ambazo skrini nyingi huzionyesha kwa kuzipigia mstari, kwa maneno ambayo mtumiaji ataweka yake.

Hifadhi faili kwa jina mizani.1, kisha litazame kwa amri man -l mizani.1. Wenye mandoc wanaweza kukagua makosa kwa mandoc -T lint mizani.1.

Makosa ya kuepuka

Usikate mistari kwa mkono ili ipendeze kwenye skrini yako. Kompyuta hupanga maneno upya kulingana na upana wa skrini ya msomaji, kwa hiyo ukurasa mmoja unafaa kompyuta kubwa na simu ya mkononi. Anza kila sentensi kwenye mstari mpya, mengine iachie mashine.

Maneno ya kawaida yakianza na nukta, kwa mfano .csv mwanzoni mwa mstari, yatadhaniwa ni agizo na yatapotea kimyakimya. Tanguliza alama \& mbele yake.

Kistari cha chaguo kiandikwe \- ili msomaji akikinakili kwenye amri kifanye kazi.

Onyo nalo lisifichwe mwishoni. Kama -f inafuta, sema palepale kwenye -f, kwa sababu msomaji mwenye haraka huenda asifike chini.

Usione haya kuandika BUGS. Ikiwa mizani inasoma vibaya kilo zilizoandikwa 12,5 badala ya 12.5, liseme. Kasoro iliyotajwa mtu huikwepa. Iliyofichwa humlipa mkulima pungufu.

Je, unaweza kuwa wa Kiswahili?

Ndiyo. Mifumo mingi ya Linux huweka kurasa za kila lugha katika folda yake, na alama ya Kiswahili ni sw. Ukurasa wetu ungekaa katika /usr/share/man/sw/man1, na mtumiaji aliyechagua Kiswahili angeletewa huo kwanza. Tunashauri kichwa cha NAME kibaki hivyohivyo, maana programu zinazotengeneza faharasa hukitafuta kwa jina hilo. Mengine yote andika kwa lugha ambayo karani anayekuja ataielewa.

Kabla hujamkabidhi mtu programu yako, mpe ukurasa huo ausome bila wewe kumsaidia. Akiweza kuitumia kazi imekamilika, akikwama rekebisha pale alipokwama.