Polisi Waliomtafuta Mtu wa Kitabuni

Mwanzoni mwa 1987 polisi walitumwa kumsaka mwanamume aliyesemekana anazunguka vijijini Kati ya Kenya akiuliza watu ukweli na haki zinapatikana wapi. Jina lake Matigari. Ripoti zilikuwa zimefika juu kabisa, amri ikatoka akamatwe. Wakamtafuta wee, kumbe Matigari ni mhusika wa riwaya! Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ameichapisha kwa Kikuyu mwaka wa 1986, na watu walikuwa wakiijadili kana kwamba jamaa huyo wamepishana naye sokoni. Februari hiyo karao wakaingia madukani wakakamata kitabu chenyewe.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kweli kinachekesha. Lakini kwani Matigari alifanya nini cha kuogopwa hivyo? Alirudi nyumbani, basi. Ametoka msituni baada ya miaka ya vita, amezika silaha chini ya mugumo, amejifunga mshipi wa amani, na anataka nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Anakuta ina wenyewe: mtoto wa mlowezi, pamoja na mtoto wa yule mpishi aliyemsaidia mlowezi. Anaonekana mwendawazimu kwa kudai ufunguo.

Mwandishi wake naye alikuwa nje, hana njia ya kurudi. Alikuwa ameshafungwa Kamiti bila kesi, kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, baada ya tamthilia ya Kamĩrĩthũ. Juni 1982 alikuwa London kuzindua tafsiri ya Kiingereza ya riwaya aliyoiandika jela kwenye karatasi ya choo, akapata ujumbe kwamba akitua Nairobi atapokelewa kwa zulia jekundu. Alielewa. Mwezi huohuo Bunge liliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, na Agosti jaribio la mapinduzi likaipa serikali sababu ya kukamata yeyote. Mĩcere Mũgo alikimbia mwaka huohuo, akapoteza uraia wa Kenya, Zimbabwe ikampa wake. Ngũgĩ wa Mĩriĩ pia akaishia Zimbabwe.

(Tusimwachie Moi peke yake mzigo huu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa 1969, enzi za Kenyatta, kwa karatasi iliyouliza Kenya inaenda wapi. Mashairi aliyoyaandika jela, Sauti ya Dhiki, baadaye yakashinda tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta. Wakati huo mshairi ameshahamia Dar es Salaam. Hebu fikiria.)

Ukitaka pasipoti hapa tao, unaenda Nyayo House. Nimepiga laini pale, mbele na nyuma yangu vijana wenye ndoto za Doha na Toronto. Chini ya jengo hilo kuna vyumba ambamo, hasa tangu msako wa Mwakenya wa 1986, watu walifungiwa uchi, sakafu ikajazwa maji, kisha wakapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa na kupigwa. Wengi walikiri mbele ya hakimu, kesi ikaisha kwa dakika chache. Februari 2003, Kibaki akiwa ndio ameingia, milango hiyo ilifunguliwa na manusura wakashuka kuwaonyesha wanahabari. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru 21 kati yao walipwe fidia. Fidia ya serikali, yaani kodi ya mama mboga. Haikuagizwa itoke mfukoni mwa aliyeshika rungu.

Kwa hiyo Ngũgĩ alipotua JKIA tarehe 31 Julai 2004, baada ya miaka 22, alirudi katika nchi iliyobadilisha rais na kupaka rangi. Umati ulimlaki kwa shangwe. Alikuja na mkewe Njeeri, na riwaya mpya, Mũrogi wa Kagogo. Usiku wa Agosti 11 watu wenye silaha waliingia walikolala. Walimpiga, wakamchoma uso kwa sigara. Njeeri alibakwa, na alikataa jambo hilo lifunikwe, alilisema hadharani. Ngũgĩ alisema haamini ulikuwa wizi wa kawaida tu. Sisemi riwaya ilitabiri. Nasema aliyeiandika alijua kwamba kura haiwahamishi wapangaji wa nyumba ile, na sisi tulidhani inawahamisha.

Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifia Zimbabwe 2008. Mĩcere alifia Marekani 2023. Ngũgĩ alifia hukohuko, Mei 2025. Walikuwa wakija nyumbani kutembea, watu wakiwashangilia, kisha wanarudi kulikokuwa na kazi, wajukuu na daktari. Rambirambi za wanasiasa zilikuwa tamu sana. Sikusikia hata moja iliyotaja nani alimfukuza.

Tukiuliza, tunaambiwa tukubali na tusonge mbele. Lakini tangu maandamano ya Juni 2024 vijana wa rika langu wamebebwa na watu waliofunika nyuso, wengine kwa sababu ya posti tu. Rafiki yangu mmoja alilala kwa watu mwezi mzima, halafu akapanda basi usiku kwenda Kampala. Nilimpigia juzi nikamuuliza anarudi lini. Akaniambia nisimuulize mambo hayo kwa simu.