Bibi du Coudray na Mashine Yake ya Kufundishia Wakunga

Wazee wetu walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa habari ya malezi methali hii twaikubali, walakini twashuku kwamba yule aliyeitunga hakupata yeye mwenyewe kushikwa na uchungu. Kuzaa ni kazi, tena ni kazi ambayo katika kila nchi imewaua wanawake walioingia ndani kwa miguu yao wenyewe, wazima na wenye nguvu. Mara nyingi waliouawa hivyo hawakuuawa na maradhi, bali na mikono ya watu waliokuja kuwasaidia. Mwezi huu twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mkunga mmoja wa Ufaransa wa karne ya 18, ambaye alitumia zaidi ya miaka ishirini kuifundisha mikono hiyo.

Jina lake lilikuwa Angélique Marguerite Le Boursier du Coudray. Mwaka 1740, baada ya kujifunza kwa mkunga mzoefu na kuhojiwa na wapasuaji, alipewa hati ya kufanya kazi katika mji wa Paris. Siku zile wapasuaji, nao wote walikuwa wanaume, walikuwa wameanza kuingia katika kazi hii iliyokuwa ya wanawake tangu zamani. Walikuwa na vyuma vyao na chama chao chenye nguvu, wala hawakuwa na hamu ya kuwafunulia wanawake elimu ya mwili. Wakunga kadhaa wa Paris waliandika kulalamika kwamba mafundisho yao yameachwa na wanafunzi wao hawapati wa kuwafunza. Bibi du Coudray alikuwa mmoja wa waliotia sahihi. Basi twaona kwamba tangu mwanzo alijua jambo moja: mkunga asiyefundishwa huitwa mjinga na watu wale wale waliomnyima mafundisho.

Ilipopata mwaka 1751 hivi aliuacha mji mkuu akaenda Thiers, mji mdogo wa jimbo la Auvergne, nchi ya milima na watu maskini. Huko wanawake walimjia na miili iliyoharibika: wengine tumbo la uzazi limeshuka, wengine wana majeraha yaliyowatenga na waume zao na jamaa zao. Aliwaona pia watoto waliolemaa viungo kwa sababu walivutwa kwa nguvu walipokuwa wakizaliwa. Aliwasaidia bila malipo, na alipouliza habari za kila mmoja alisikia kisa kile kile. Mzalishaji alikuwa na haraka. Alivuta kabla ya wakati, au aliona mkono wa mtoto umetangulia akaushika huo huo na kuuvuta.

Akaanza kuwafundisha wanawake wa vijiji, asitake ujira. Mara alikutana na shida ambayo sisi tulio waalimu twaijua sana. Wanafunzi wake hawakujua kusoma. Alipowaeleza kwa maneno jinsi mtoto anavyogeuka ndani ya nyonga, walimtazama tu na kuitikia. Angewapeleka wapi wakajifunze? Hospitali haikuwako karibu, na hata kama ingalikuwako, mwanafunzi angepaswa kujifunza juu ya mwili wa mama halisi, akikosea na kurudia, na mama akilia. Katika miji mikubwa mambo yalifanyika hivyo hivyo, na mwili uliotumiwa ulikuwa sikuzote wa mwanamke maskini asiye na mtu wa kumtetea.

Ndipo alipokaa akashona.

Alitengeneza kiwiliwili cha mwanamke tangu kiunoni hata mapajani, ukubwa wa mtu mzima, kwa nguo na ngozi iliyojazwa vitu laini, na ndani yake mifupa ya nyonga. Alitia kamba na mikanda, ili mwalimu akizivuta njia ya uzazi na msamba vibane au vilegee, mwanafunzi apate kuuhisi ugumu ule mkononi mwake. Alishona na mtoto, mwenye pua, masikio na nywele zilizochorwa kwa wino. Kinywa chake kilikuwa wazi chenye ulimi, na kidole kiliweza kuingia, kwa sababu mtoto anapotanguliza matako huenda ikampasa mkunga kutia kidole kinywani ili kichwa kiinamie kifua kipate kupita. Walikuwako na mapacha, na kondo la nyuma na ukamba wake wa kitovu. Baadaye aliongeza sifongo na maji ya rangi, yatoke mfano wa damu na chupa ya maji inapopasuka. Kitu hiki chote alikiita mashine. Chuo cha wapasuaji cha Paris kilikikagua, kikakikubali.

Katika habari zake zote hili ndilo linalotupendeza zaidi. Wengi humsifu kwa werevu wa vidole vyake, nao wana haki, lakini sisi twaona ndani ya mashine ile heshima kwa mama. Kwa kushona nguo alikuwa akisema kwamba mwili wa mwanamke si ubao wa mwanafunzi wa kuandikia na kufutia. Makosa na yaangukie pamba. Mkono ukavute vibaya mara ishirini, mwalimu aupige kofi, uvute tena, na siku utakapomgusa mtu aliye hai uwe umekwisha kujua.

Mwaka 1759 alichapisha kitabu cha mkono juu ya kazi ya uzalishaji, na mwaka huo huo Mfalme Louis wa 15 alimpa hati ya kwenda kufundisha katika nchi yote ya Ufaransa. Wasomaji wasidhani kwamba mfalme aliwahurumia sana akina mama. Ufaransa ilikuwa katika vita vile vya miaka saba, tangu 1756 hata 1763, na washauri wake waliamini kwamba idadi ya watu wa nchi yapungua. Walitaka wakulima wa kulipa kodi na vijana wa kushika bunduki, na kila mtoto aliyekufa kwa mkono wa mzalishaji waliona ni askari mmoja aliyepotea. Bibi du Coudray aliyajua mawazo hayo vizuri. Alipowaandikia wakubwa alizungumza lugha yao, akitaja faida ya taifa. Kwa njia hiyo alipata mlinzi mwenye nguvu kuliko wapasuaji wote, na tangu 1767 aliwekewa livre 8,000 kila mwaka, fedha nyingi mno kwa mwanamke aliyefanya kazi ya mikono.

Tangu 1760 hata 1783 alizunguka katika majimbo kwa gari la farasi, akichukua mashine zake, vitabu vyake na watumishi. Akifika mjini alimtafuta kwanza liwali wa jimbo. Mmoja wa maliwali waliomsaidia ni Turgot wa Limousin, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha. Liwali aliwaandikia mapadre wa vijiji, nao walitangaza kanisani na kuchagua wanawake wa kupelekwa. Masomo yalichukua kama miezi miwili, asubuhi na alasiri, hata kila mmoja awe ameishika mashine mara nyingi mbele ya wenzake. Mwisho walipewa hati. Mashine moja ilinunuliwa ikaachwa mjini, na mpasuaji wa mahali akafunzwa kuitumia ili mafundisho yasife mwalimu akiondoka. Wanawake aliowafundisha kwa njia hii walipita 4,000.

Miezi miwili ni mingi kwa mwanamke wa shamba. Nani atavuna? Nani atawaangalia watoto wake mwenyewe? Mahali pengine serikali ilitoa posho ya chakula, mahali pengine kijiji kilichanga, na mahali pengine mapadre walijibu kwamba hawakupata hata mmoja wa kwenda. Twaisoma habari hii tukitabasamu kidogo, maana barua za namna hiyo hata sisi tumepata kuziandika.

Kitabu chake kilipigwa chapa tena mwaka 1769, na safari hii kilitiwa picha 26 za rangi, zinazoonyesha mifupa ya nyonga, mtoto alivyokaa, na mkono wa mkunga ulivyomshika, hata mtu asiyejua herufi aweze kujifunza kwa macho. Lakini yako maneno mengine katika kitabu yasiyoweza kuchorwa. Hayo ni yale ya mwenendo wa mkunga ndani ya chumba. Amfundisha kwamba anapongoja wakati wa kuzaa utimie yampasa amtulize mama kwa upendo, na kwa uso wa furaha usiomtia hofu. Asinong'one na watu pembeni, maana mama ataona anafichwa jambo baya. Mama akiomba awekewe juu ya mwili wake vitu vitakatifu, kama ilivyokuwa desturi ya nchi ile, mkunga asimdhihaki. Amwambie kwa upole kwamba vitafaa vile vile vikiwekwa kando kitandani, visimbane pumzi.

Mafundisho hayo ya upole aliyachanganya na mafundisho ya mikono, nasi twasadiki alifanya vema. Mama anayetishwa na kukaripiwa hukaza mwili, na mkunga anayemkaripia kwa kawaida ndiye aliyechoka kungoja. Asiyeweza kungoja huvuta. Na alipokuwa Auvergne Bibi du Coudray alikuwa ameyaona kwa macho yake yanayotokea mtu akivuta. Hata leo wako mama wanaokataa kwenda kuzalia hospitali, na ukiwauliza sababu hawataji umbali wa njia wala fedha. Wataja maneno waliyoambiwa kule mara ya kwanza.

Hatupendi kumfanya malaika. Upole aliowapa wanaozaa hakuwapa sikuzote wanawake wazee wa vijiji waliozalisha kabla yake. Aliandika habari zao kwa dharau, kana kwamba wote ni wauaji, ingawa hapana shaka miongoni mwao walikuwako wenye mikono tulivu na akili ya miaka mingi. Na vijiji havikusahau. Pengine msichana alirudi nyumbani na hati yake yenye muhuri, akakuta akina mama wanaendelea kumwita bibi yule yule aliyewazaa wao na kuwazalishia wana wao. Bibi huyo walimjua. Alikesha nao, akapika uji, na malipo yake yalikuwa kuku au mayai. Msichana mgeni wa elimu alikuwa na hati tu. Laiti wazee wale nao wangaliitwa mashineni kwa heshima, twadhani kazi ingalishika mizizi upesi zaidi.

Tena liko jambo ambalo yeye hakulijua, wala waganga wengi wa zamani zake. Aliufundisha mkono kuwa mwepesi, mtulivu na uliopakwa mafuta, lakini hakujua kwamba mkono wenyewe waweza kuchukua mauti. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1847 katika hospitali kubwa ya Vienna. Huko wodi ya uzazi iliyotumiwa na waganga wanafunzi ilikuwa na vifo vingi mno kuliko wodi ya wakunga wanafunzi, hata akina mama waliomba kwa machozi wasilazwe ya kwanza. Mganga Semmelweis aligundua kwamba waganga walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwapima wazazi. Alipowaamuru kunawa kwa maji ya klorini vifo vilipungua sana. Wakubwa zake wengi walichukizwa kuambiwa kwamba mikono yao ni michafu.

Bibi du Coudray alikufa Bordeaux mwaka 1794, wakati wa misukosuko ya mapinduzi, mfalme aliyekuwako amekwisha kukatwa kichwa. Mpwa wake, Bibi Coutanceau, ambaye alisafiri naye na kusaidia kufundisha, aliendelea na kazi ya kufunza wakunga katika mji huo. Wako waganga waliozicheka mashine, wakisema mkono hauwezi kujifunza uhai kwa kushika matambara. Lakini jambo lenyewe halikufa. Tangu mwaka 2009, wakunga katika hospitali 8 za Tanzania walifundishwa kumsaidia mtoto asiyevuta pumzi, nao walijizoeza kwa mwanasesere aliyefanywa kwa kusudi hilo, kwa kumkausha, kumsugua mgongo, kisha kumpulizia hewa kwa mfuko kabla dakika moja haijapita. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2013 vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 47.

Katika mashine zote alizozitengeneza Bibi du Coudray, moja imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rouen, mji wa kaskazini mwa Ufaransa. Nguo yake imefifia rangi, na vibandiko vidogo vyenye majina ya viungo vingali vimeshonewa juu yake. Wataalamu walipoipiga picha ya eksirei ili waone jinsi ilivyotengenezwa, waliona kwamba nyonga iliyo ndani si ya mti wala ya chuma. Ni mifupa ya mwanamke kijana.