Rejista na Ardhi: Utayari wa Vyuo Vikuu Katika Uwanda wa Ufipa

Tarehe 13 Desemba 1910, tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilitikisa eneo la Rukwa. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika. Wakati huo Ufipa, uwanda ulioko Rukwa, ilikuwa nchi ya nyumba za miti, udongo na nyasi. Leo mji wa Sumbawanga ulioko huko una majengo ya zege na matofali, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi mkoani Rukwa. Mpasuko wa Kanda, ambao wanajiolojia wanauhesabu kuwa hai, bado unaonekana uwandani kama ukingo mrefu wa mwinuko, na watu wanalima pembeni yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kukidhuru chuo, isiyoanzia kwenye ardhi ambayo chuo kimesimama juu yake haikiandai chuo kwa lolote. Taasisi za umma nchini Tanzania zinatakiwa kusimamia vihatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka msingi wa kisheria wa kujiandaa. Kasoro iko kwenye utekelezaji. Niliwahi kupitia rejista ya kampasi moja ya mikoani: ilikuwa na jedwali safi, saini zote zilikuwapo, na fedha kuchelewa ndicho kilikuwa kihatarishi cha kwanza. Tetemeko halikutajwa. Jioni ile nilikuta mlango wa dharura wa bweni umefungwa kwa kufuli. Mlinzi alisema ufunguo anao mwenzake wa zamu ya usiku.

Wapo watakaosema kwamba tetemeko kubwa ni la nadra na bajeti ni finyu. Unadra wake ni kweli, lakini kihatarishi hupimwa pia kwa madhara yake. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu, na bado shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zililazimika kufungwa. Kuhusu bajeti, hatua za mwanzo ni nafuu: kabati za kemikali zifungwe ukutani, milango ya dharura ifunguke kwa ndani, nakala za matokeo ya wanafunzi zihifadhiwe nje ya mkoa, na mazoezi ya kutoka majengoni yafanyike kila muhula, usiku pia.

Wafipa wanaijua kazi ya namna hii. Katika kilimo cha intumba, mkulima hufukia nyasi kwenye matuta udongo ukiwa bado na unyevu, zikaoza, akapanda msimu unaofuata. Anayesubiri mvua ndipo afukie, ameshachelewa. Kwa chuo, kufukia huko kuanze na ufunguo ule: uondolewe mfukoni mwa mlinzi, na mlango ujaribiwe wiki hii.