Kibao cha Mulangoni: Watoto Wachoraji na Neno la Karibu



Mukiingia katika kiwanja cha parokia yetu siku hizi za Yubilei, kitu cha kwanza kinachokutana na macho yenu si munara wa kanisa, bali ni kibao chenye neno moja tu, KARIBU. Kando ya neno hilo ziko picha ambazo watoto wa masomo yetu walichora: kuku na vifaranga vyake, mama anayetwanga, treni yenye moshi mwingi, na kanisa ambalo mulango wake ni mukubwa kuliko paa. Wengi wenu mumeuliza kwa nini hatukumwita mufundi wa kuandika vibao, kama ilivyo desturi. Wazee wa parokia wameniomba nitoe jibu, nami nimeona kwamba jibu hilo halianzi kwetu. Lilianza zamani katika nchi hii ya Katanga.

Kwanza tufikiri juu ya neno lenyewe. Karibu ni kusema: usisimame mbali, sogea. Katika Kilatini, tulichojifunza seminarini, neno «hospes» ni la mugeni, na tena ni la yule anayemupokea; wawili wana jina moja. Wahenga wetu walisema jambo lile lile kwa njia yao: mugeni aje, mwenyeji apone. Basi kibao cha mulangoni si pambo. Ni mudomo wa wenyeji. Na mudomo hauazimwi kwa jirani.

Tangu zamani watu wa nchi yetu walijua kusema kwa kuta za nyumba zao. Walichukua udongo mwekundu, pemba nyeupe na makala meusi, wakachora nyama, watu na safari. Mvua ikija, picha inaoshwa. Kiangazi kikirudi, picha nyingine inachorwa. Katika mwaka wa 1926, Georges Thiry, Mubelgiji mumoja wa serikali ya kikoloni, alifika Bukama, pale reli ilipokutana na muto Lualaba. Akaziona nyumba zenye picha, akauliza ni mukono wa nani. Akaonyeshwa Albert Lubaki, aliyekuwa fundi wa kuchonga pembe za tembo. Thiry akamupa karatasi na rangi za maji, ili kazi yake isipotee pamoja na mvua. Mke wake Antoinette alichora vilevile. Katika mwaka wa 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na mwaka uliofuata Geneva.

Tuangalie vema jambo hili. Ukuta uliomukaribisha mupita-njia wa Bukama ulifika hata Ulaya, na jina la aliyeuchora limebaki kwa sababu mutu mumoja aliuliza: ni mukono wa nani? Lakini ni kuta ngapi ambazo hakuna aliyeuliza? Wachoraji wake walikufa, na majina yao yalikwenda na maji.

Historia ya pili ni ya Elisabethville, muji unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka wa 1966. Humo, katika mwaka wa 1946, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha atelie iliyoitwa Le Hangar. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazifuate, wala hakutaka mumoja aige mwenzake. Ndiyo sababu kila mumoja alipata njia yake. Bela alichora kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alijaza karatasi ndege, samaki na nyoka, katikati ya majani yasiyohesabika. Mwenze Kibwanga alifuma mistari mifupi mifupi, kama mutu anayesuka mukeka. Romain-Desfossés alifariki mwaka wa 1954. Pilipili na Mwenze wakawa walimu katika akademia ambayo Laurent Moonens aliifungua katika muji ule ule mwaka wa 1951. Mulezi yule angalisahihisha kila kidole cha Bela, leo tusingekuwa na Bela.

Sasa nirudi kwetu, nami niseme ukweli pasipo kujificha. Shauri la kibao lilipoletwa mbele ya wazee, tulikubali upesi kwamba watoto wachore. Ila picha zilipofika, wengi waliona haya. Walisema: mapadri wageni watacheka, afazali mufundi anyooshe kuku huyu, apunguze mulango ule. Mimi nilikuwa mumoja wao. Nilipokuwa kijana seminarini tulijifunza kuchora kwa kufuata vitabu, nami nilisifiwa sana kwa picha ya nyumba iliyofunikwa na theluji. Sijaona theluji hata leo. Nyumba ya mama yangu, yenye jiko nje na muembe nyuma, sikuichora hata siku moja, na hakuna aliyeniomba.

Padri wetu hakutukemea. Alitukumbusha kwamba mapadri Wabenedikto, waliotumwa Katanga mwaka wa 1910 pamoja na Jean-Félix de Hemptinne, walileta kanuni ya baba yao Mutakatifu Benedikto. Kanuni hiyo inaamuru mugeni apokelewe kama Kristu mwenyewe. Tena inataka ndugu wote waitwe kwenye shauri kubwa, kwa maana mara nyingi Mungu anamufunulia aliye mudogo jambo lililo bora. Kisha akamwita mutoto aliyechora kanisa, akamuuliza sababu ya mulango ule. Mutoto akajibu: «Siku ya Pasaka watu wanasukumana pale.»

Wazee tulinyamaza. Kila mumoja wetu alijua kwamba ni kweli.

Basi kazi ilifanyika hivi. Mwalimu alipiga mistari ya miraba midogo juu ya kila picha, na miraba mikubwa juu ya kibao kilichokwisha kupakwa rangi nyeupe. Yaliyokuwa katika muraba mudogo yalihamishwa katika muraba mukubwa, mustari kwa mustari, bila kunyoosha kilichopinda. Wakubwa walishika ngazi na kukoroga rangi ya mafuta isiyoogopa mvua. Watoto walishika burashi. Neno liliandikwa kwa herufi kubwa, ili hata muzee mwenye macho hafifu alisome akiwa barabarani. Nyuma ya kibao tuliandika majina ya watoto wote waliochora, na ya wale ambao picha zao hazikupata nafasi. Asiwepo siku moja wa kuuliza ni mukono wa nani, akakosa jibu.

Tangu siku ile ukubwa wa mulango umekuwa shauri la parokia. Wako wanaosema tufungue mulango wa pili upande wa kusini, na mashirika mawili yameanza kuchoma matofali. Kibao kilichowekwa kwa ajili ya wageni kimetufundisha sisi wenyeji jinsi tunavyowapokea watu wa nyumbani.

Kwa ninyi mutakaofanya Yubilei ijayo, naacha ombi moja. Jua litakula rangi hizi, wala hakuna dawa ya kulizuia. Wakati huo musipake upya picha za watoto wetu kama masalia. Someni majina yao nyuma, kisha waiteni watoto wa siku zenu, muwape kibao cheupe, na muwaulize wanaona nini.

Nanyi wageni wetu, mulango wa kanisa bado ni mwembamba. Ingieni polepole, tutawasogelea. Karibuni, na Mungu awabariki.