Pongwe na Watu Walioandikwa kwa Namba

Ukiwaambia watu wa Tanga unatafuta historia, watakuelekeza Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Wengine watasema nenda mapango ya Amboni. Hakuna atakayekwambia nenda Pongwe. Pongwe, kilomita kama 15 kutoka mjini kwa barabara ya Muheza, watu wanaijua kwa kiwanda cha saruji na kwa mkonge. Basi. Mimi nimekwenda, na nimerudi nikiamini kwamba historia ya pale inatugusa wengi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na mkonge wenyewe, maana nao ni mgeni. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Reli ikapita Pongwe, ikafika Muheza mwaka 1896, na mkonge ukaifuata.

Halafu wakaja Wagiriki. Baadhi yao walifika wakati wa Mjerumani kama makandarasi wa reli. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipouza mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, Wagiriki na Wahindi walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Ndiyo maana hadi leo wazee wa Tanga wanaweza kukuelekeza njia kwa kusema "kwa Mgiriki", ingawa Mgiriki mwenyewe aliondoka siku nyingi.

Lakini Mgiriki hakukata mkonge. Waliokata walitoka Songea, Njombe, Kigoma, Unyamwezi, wengine hata nje ya nchi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali. Kila aliyeandikwa alipewa namba, na kutoka hapo tukapata neno manamba. Mtu aliondoka kwao na jina la baba yake, akafika Tanga akiitwa kwa tarakimu.

Kazi yenyewe ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Kipande kisipojaa, mshahara hakuna. Majani yalifungwa mizigo, kila mzigo majani 30, yakapelekwa korona kusagwa. Katika kila kilo 100 za majani, singa inayopatikana ni kama kilo 4. Zilizobaki ni maji na makapi. Sasa piga hesabu: katika miaka ya 1960 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Hiyo ni migongo mingapi?

Pongwe nilikaa barazani na mzee mmoja aliyezaliwa kambini. Nikamwamkia, halafu nikauliza lile swali letu la kila siku: "Babu, kwenu hasa ni wapi?"

"Kwetu Songea."

"Umewahi kufika?"

"Sijafika, mwanangu." Akanyoosha mkono upande wa minazi. "Baba yangu kalala pale. Mama yangu pale pale. Sasa wee uliyesoma niambie, kwetu ni wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulikwenda kuyaona makaburi. Yamewekewa mawe ya chokaa, yale yanayochimbwa hapohapo, bila jina hata moja. Mzee anajua la baba yake na la majirani wawili watatu. Wengine, alisema, waliokuwa wakiwajua wamekwisha.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Bei nayo ilikuwa imeanguka kwa sababu ya kamba za nailoni, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulibaki kama tani 20,000. Wagiriki wengi waliondoka. Manamba wengi walibaki. Walioa Wabondei na Wadigo, wakalima muhogo, wakafundisha wajukuu ngoma za kwao, na wajukuu wakajibu kwa Kiswahili cha Tanga.

Huwa tunapima ukale wa mji kwa magofu yake. Kwa kipimo hicho Pongwe itashindwa daima na Tongoni. Mimi naona mji una mizizi pale mtu anapomzika mzazi wake na kuamua kutoondoka. Hawa waliamua. Lakini katika kumbukumbu zetu mwenye shamba ana mahali panapomtaja, na mkata mkonge hana hata jiwe lenye jina.

Tanga inazidi kupanuka kuelekea huku. Viwanja vikipimwa, mawe yasiyo na jina huwa ya kwanza kuondolewa. Kwa hiyo kama una babu au bibi aliyekulia kambi ya mkonge, Pongwe au kwingine, nenda kamuulize baba yake aliitwa nani na alitoka kijiji gani. Uliandike jina hilo leo, na herufi zake zote.