Ibn al-Haytham na kitovu cha kioo



Kuna picha inazunguka sana kwenye magrupu yetu: mzee mwenye kilemba, na chini yake maandishi kwamba Ibn al-Haytham ndiye aliyevumbua kamera, miwani na darubini. Wengi mnanitumia mkiuliza kama ni kweli. Si kweli. Miwani ilitokea Italia mwishoni mwa karne ya 13, darubini Uholanzi mwaka 1608, kamera baadaye zaidi. Yeye alizaliwa Basra yapata mwaka 354 Hijria (965) na hakuufikia hata mwisho wa karne ya 11. Kumzulia mtu sifa ni uongo, hata kama nia ni kuutukuza Uislamu. Na hasara yake ni hii: tunampoteza yule Ibn al-Haytham wa kweli, ambaye ni mkubwa kuliko wa kwenye picha.

Chukua kijiko cha supu kinachong'aa, ujitazame upande wa ndani. Unajiona kichwa chini miguu juu. Sababu ni nukta moja usiyoiona, iliyo hewani mbele ya kijiko. Kioo kilichobonyea ni kama kipande kilichokatwa kwenye ganda la tufe, na tufe lina kitovu. Waarabu wanakiita markazi. Uso wako uko mbali kupita kitovu hicho, ndiyo maana umepinduka.

Sasa sikilizeni kazi ya nukta hiyo. Kutoka mahali popote kwenye kioo, mstari unaokwenda kwenye kitovu unasimama juu ya kioo kwa nyuzi 90. Mwale wa nuru ukija upande mmoja wa mstari huo kwa pembe fulani, hurudi upande wa pili kwa pembe ileile. Basi anayejua kitovu kilipo anajua kila mwale utaelekea wapi. Na mwale uliopita kwenye kitovu chenyewe hurudi kwa njia uliyojia.

Hapo ndipo watu walipoteleza. Kitabu kimoja cha Kigiriki cha vioo, kinachonasibishwa na Euclid, kilitoa hoja kwamba miale ya jua ikipita kwenye kitovu itarudi kwenye kitovu, kwa hiyo moto utawaka pale. Hoja inavutia. Lakini jua liko mbali mno, na miale yake inafika kwenye kioo ikiwa karibu sambamba; michache tu ndiyo inayopita kitovuni. Wagiriki wenyewe hawakuafikiana: Diocles alikwisha kusema vingine, na kitabu chake tumekipata kwa Kiarabu. Baghdad, yapata mwaka 984, Ibn Sahl naye aliandika juu ya vyombo vya kuchomea.

Ibn al-Haytham aliandika risala maalumu juu ya kioo cha kuchomea chenye umbo la tufe, akaipima hoja hatua kwa hatua. Tuseme nusu kipenyo ni sentimita 100. Miale inayogonga karibu na katikati ya kioo hukutana nusu ya njia, sentimita 50 hivi kutoka kwenye kitovu. Ile inayogonga mbali zaidi, pale mstari wa kitovu unapofanya pembe ya nyuzi 30 na mstari wa katikati, hukutana sentimita 58 kutoka kitovuni, yaani karibu zaidi na kioo. Kwenye nyuzi 60 inaangukia kwenye kioo chenyewe. Kila duara la kioo lina nukta yake! Kioo cha tufe hakikusanyi miale yote mahali pamoja. Mwaka 1990 Wamarekani walirusha darubini ya Hubble, kioo chake kipana mita 2.4, ukingo umesuguliwa zaidi kwa takriban elfu mbili za milimita tu, na miale ya ukingoni ikakutana mbali na ile ya katikati. Picha zikatoka na ukungu hadi ilipotengenezwa mwishoni mwa 1993.

Wapo wanaoniandikia kwamba hesabu za namna hii ni elimu ya makafiri, kijana abaki na dini yake tu. Nawaomba watazame maisha ya mtu huyu. Waandishi wa wasifu wanasimulia kwamba alimuahidi Khalifa al-Hakim wa Misri kuudhibiti mto Nile, akaenda kusini akaona haiwezekani, akajifanya mwendawazimu kwa kuhofia adhabu mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Kisha akaishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akila kwa kazi ya kunakili vitabu. Vitabu gani? Euclid na Ptolemy. Wagiriki wasiokuwa Waislamu, anawanakili kwa mkono wake, kisha anaandika kitabu kizima cha shaka zake juu ya Ptolemy. Hakuwadharau, wala hakuwaamini kwa kufumba macho.

Kitabu cha Apollonius juu ya mikato ya pia kilikuwa na sehemu nane. Ya tano inashughulikia mistari inayosimama wima juu ya mipindo isiyokuwa duara, ambapo kitovu huhama kila unapohama kwenye mpindo. Ni somo ambalo Huygens wa Uholanzi alikuja kulikamilisha mwaka 1673. Kigiriki cha sehemu ya tano, ya sita na ya saba kimepotea. Zimebaki kwa sababu wana wa Musa, Banu Musa wa Baghdad, walizisimamia zikatafsiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9. Nakala moja ya tafsiri hiyo iko Istanbul hadi leo. Imeandikwa mwaka 415 Hijria, na aliyeinakili ni Ibn al-Haytham.

Wallahu aalam.