Fremu Isiyo na Jina: Njia za Kumjua Mwundaji wa Baiskeli ya Zamani

Swali la kumjua mtungaji wa utungo usiotiwa jina si geni kwa wataalamu wa Kiswahili. Mswada wa hati za Kiarabu huweza kuwa na jina mwishoni, nalo likawa ni la aliyenakili, wala si la mtungaji. Au likawa ni la mwenye mswada, aliyeununua tu. Mtafiti asiyewatenga watu hao watatu humpa mmoja haki ya mwingine. Insha hii yakusudia kulitazama swali lilo hilo katika kitu cha chuma, yaani fremu ya baiskeli iliyofutika rangi, iliyong'oka kibati chake cha mbele, isiyosalia herufi ya kuisemea. Tutashika hasa baiskeli nyeusi za Kiingereza za magurudumu ya inchi 28, zenye breki za fito za chuma badala ya waya. Baiskeli za namna hii zilienea katika Afrika ya Mashariki katika karne ya 20, na mtu akiiona mojawapo aghalabu hukimbilia kusema kwamba ni Raleigh.

Yafaa kwanza kupambanua maneno. Kuna aliyefua vipande. Kuna aliyeviunga vikawa fremu. Kuna aliyeitia fremu jina akaiuza. Na kuna fundi aliyeitengeneza baadaye ilipovunjika. Kiswahili hutenga kuunda na kutengeneza, na mtafiti hana budi kuitunza tofauti hiyo. Katika insha hii, mwundaji ni yule wa pili, aliyeiunga fremu.

Ushahidi wenyewe ni wa aina mbili: wa vazi na wa mwili. Vazi ni kila kinachofunguka kwa spana: tandiko, usukani, magurudumu, pedeli. Gurudumu la meno livutalo cheni huvutia macho upesi, kwa kuwa makampuni makubwa yalilichonga kwa alama zao. Raleigh waliweka vichwa vya korongo, Rudge wakaweka kiganja cha mkono, na Humber wakaweka sura za watu. Lakini gurudumu hilo hubadilishwa kwa kazi ya muda mfupi tu. Hali kadhalika kitovu cha gurudumu la nyuma cha Sturmey-Archer: katika miaka ya 1950 kilipigwa tarakimu za mwaka na za mwezi, hata 57 ikifuatwa na 8 ikawa ni Agosti 1957. Hiyo ni tarehe ya kitovu. Yaweza kuwa tarehe ya baiskeli nzima ikiwa magurudumu hayakubadilishwa, jambo ambalo lahitaji ushahidi wake mbali.

Mwili wa fremu husema kwa vipimo. Katika fremu za kawaida za Kiingereza, bomba la juu lina kipenyo cha inchi 1, yaani milimita 25.4, na bomba la chini inchi 1 na thumuni, yaani milimita 28.6. Wafaransa walitumia milimita 26 na 28. Tofauti katika bomba la juu ni milimita 0.6 tu, na rangi iliyopakwa mara tatu au nne yatosha kuificha; kwa hiyo rangi hukwanguliwa kabla ya kupima.

Baada ya mabomba huja hesi za tundu la chini, mnamopita ekseli ya pedeli. Kawaida ya Kiingereza ni hesi 24 kwa inchi. Waitalia pia walitumia 24, lakini katika tundu pana zaidi, la milimita 36. Kiwanda cha Raleigh kilichokuwa Nottingham kilishika hesi 26 kwa miaka mingi, na hii ni dalili yenye nguvu ya kazi ya mji ule. Hapa pana mtego. Hesi ya Kifaransa ina hatua ya milimita 1, yaani hesi 25.4 kwa inchi, na tundu lake la milimita 35 linakaribiana mno na lile la Kiingereza. Mwenye kuhesabu kwa haraka atamwita Mfaransa Mwingereza. Dawa yake ni kuutazama upande wa cheni: hesi ya Kiingereza ya upande huo hufungwa kwa kuzungushwa kushoto, na ya Kifaransa kulia. Shahidi huyu akipatana na kipimo cha bomba la juu, shaka hupungua sana.

Ugumu mkubwa zaidi hutokana na alama zenyewe. Tangu miaka ya 1890 kampuni ya BSA ya Birmingham, iliyoasisiwa na mafundi wa bunduki mwaka 1861, iliwauzia waundaji wengine vipande vya fremu vyenye alama ya bunduki tatu. Chater-Lea wa London walifanya biashara kama hiyo. Basi alama ya bunduki tatu chini ya tundu la ekseli yatuambia ni nani aliyefua kipande. Haituambii ni nani aliyeunga fremu. Vivyo hivyo karatasi ya Reynolds 531 yataja bomba tu. Kwa kuwa bomba hilo lilianza kuuzwa mwaka 1935, fremu iliyoundwa nalo haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo.

Tena majina yalihama. Raleigh walilitwaa jina la Humber kwa baiskeli mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, Triumph mwaka 1954, na baiskeli za BSA mwaka 1957. Mwaka 1960 Raleigh wakaunganishwa na kundi lililomiliki Hercules na Phillips. Tuchukue mfano wa fremu yenye hesi 26, na yenye uma wa mbele ambao kila mguu wake ni mabomba mawili membamba yaliyoandamana. Uma wa namna hiyo ni desturi ya Humber. Ikiwa ni uma wake wa asili, fremu hiyo iliuzwa kwa jina la Humber, na yaelekea iliundwa na Raleigh baada ya 1932. Majibu yote mawili ni ya kweli, na kila moja lajibu swali lake.

Wala Nottingham haikuwa peke yake. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Sen-Raleigh iliunda baiskeli za mtindo ule ule huko Asansol, India, na viwanda vya China navyo viliufuata mtindo wa Kiingereza. Kuita kila fremu nyeusi Raleigh ni kufuta kazi ya watu wa Asansol, Shanghai na Tianjin.

Mwisho kuna mkono wa fundi. Viwandani mabomba yaliingizwa katika viungo vya chuma, yakaunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Palipo na uvimbe wa lehemu ya chuma nje ya kiungo, mtu mwingine amepita hapo. Wengi wataona hilo ni kasoro ya kusuguliwa na kufunikwa kwa rangi. Mwanahistoria hapaswi kuisugua, kwa maana aghalabu ndiyo athari pekee iliyobaki ya fundi ambaye hakuwa na kibati wala daftari, naye ndiye aliyeifanya fremu iendelee kubeba watu na mizigo.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mwenye kuiandika fremu ya namna hii katika orodha ya makumbusho asitosheke na jina moja. Na aandike penye mabomba, vipande, mwundaji, jina la biashara na matengenezo, kila kimoja mbali, na kando ya kila kimoja ataje ushahidi alioutegemea. Palipokosa ushahidi, na paachwe wazi. Uundaji wa baiskeli huko Nottingham ulikoma mwaka 2002, na fremu zilizosalia zaendelea kupakwa rangi upya na kubandikwa majina mapya. Kila rangi mpya ikipakwa, athari hizi huzidi kufichika.